Sikio la Upande wa Pili

Siku hizi mtoto akienda kuanza shule hupelekwa na makaratasi. Sisi tulipelekwa na mikono. Ulisimama wima mbele ya mwalimu, ukapitisha mkono wa kulia juu ya utosi hadi upande wa kushoto, na vidole vikishika sikio, basi umekua, ingia darasa la kwanza. Visiposhika, rudi nyumbani ukanywe uji, uje mwaka ujao. Hakuna aliyejua kipimo hicho kilianzishwa na nani. Wengi wetu tulizaliwa nyumbani, mikononi mwa wakunga wasiojua kuandika, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine rahisi ya kujua nani ana miaka sita na nani ana minne.

Wenzangu wa rika langu wakikumbuka kipimo hicho hucheka. Wakikutana harusini au matangani, mmoja atapitisha mkono juu ya kipara chake na wengine wote watafuata, wazee wazima na mvi zao, wakishikana masikio. Mimi sicheki. Dada yangu alikosa shule kwa upana wa ukucha mmoja, na mpaka leo sijapata mahali pa kuiweka hasira yangu.

Tulikaa katika nyumba za baraza la jiji upande wa Makadara, si mbali na Jogoo Road. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja katika safu ndefu ya vyumba. Jiko lilikuwa la pamoja, na mfereji ulikuwa mwisho wa safu, kwa hiyo hukuweza kupika wala kufua bila jirani kujua una nini na umekosa nini. Baba alitoka Ukambani akiwa kijana, na kazi yake ilikuwa kuchonga wanyama wa miti: twiga, vifaru, swara. Aliketi tangu asubuhi kwenye kibanda na wachongaji wenzake, tezo mkononi, na wenye maduka ya mjini walikuja kuchukua walichotaka kwa bei waliyotaka wao. Mama alikaa nasi. Dada alikuwa kifungua mimba, mimi, binti wa pili, nikamfuata nyuma kwa karibu miaka miwili. Mlango wa kushoto aliishi karani wa reli kutoka magharibi, yeye na mkewe na watoto wao, na mkewe ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa mama.

Dada alikuwa mfupi. Lazima nieleze ufupi huo ulitoka wapi, maana watu huzungumza juu ya ufupi kana kwamba umeanguka kutoka mbinguni. Mama aliposhika mimba yangu, dada alikuwa bado ananyonya. Kwetu waliamini kwamba maziwa ya mwenye mimba humdhuru mtoto wa nje, basi akaachishwa ziwa siku hiyo hiyo. Badala yake akapewa uji mweupe na chai ya strungi, isiyo na maziwa. Bahati mbaya huo ulikuwa wakati ambao wenye maduka hawakuja kibandani, na twiga wa baba walirundikana chini ya kitanda, shingo zao zimechomoza nje. Nyama hakuna, yai hakuna, maziwa ni ya wenyewe. Tumbo la dada likavimba, nywele zikageuka rangi ya kutu, na majirani wakaanza kumwambia mama amwombee. Alipona. Lakini mifupa yake ilibaki nyuma na haikuwahi kunikuta mimi tena. Nilizaliwa wenye maduka wamerudi, nikanyonya mpaka nikachoka mwenyewe. Sijilaumu, mtoto wa tumboni hana hatia, ila hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa.

Kisha ukaja ule mwaka ambao serikali ilisema madarasa ya chini hayatalipiwa karo. Mtaa mzima ulifurahi. Watu waliokuwa wamewafungia watoto wao majumbani kwa kukosa karo walianza kununua sare. Mama alisema Januari ile ni zamu ya dada, mimi ningoje.

Hapo ndipo mama alipofanya kosa ambalo mama yeyote wa mtaa wetu angelifanya. Siku ya kwenda shule mtoto alitakiwa apendeze. Jumapili baada ya kanisa alimketisha dada mbele ya mlango, akaketi juu ya kiti nyuma yake, na akishirikiana na mke wa karani wakamsuka nywele kwa uzi mweusi. Walifunga kila fungu kwa uzi mpaka likasimama wima, kisha wakayakunja na kuyaunganisha pale utosini kama mpini wa kikapu. Dada alivumilia, machozi yanamtoka kwa kuvutwa, na alipoonyeshwa kioo alitabasamu akakataa kulala chali usiku ule asije akayaharibu. Mimi sikusukwa. Nilikuwa na choa kichwani, mashilingi kama tulivyoyaita, na baba alikuwa amekwisha kuninyoa kwa wembe na kunipaka dawa ya rangi ya zambarau. Nilikuwa kituko cha safu nzima.

Tulienda sote watatu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniacha naye. Uwanja wa shule ulijaa wazazi. Palikuwa na laini mbili. Moja ilikuwa fupi, ya watoto waliotoka nasari, na hao hawakupimwa. Walionyesha karatasi ya nasari wakapita. Kitinda mimba wa karani alikuwa humo, mdogo hata kuliko mimi, akapita akila ndizi. Laini ya pili ilikuwa yetu, ya mikono. Karo ilikuwa imeondolewa, kweli, lakini nasari ya kanisa haikuwa ya bure, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngazi ya kufikia mlango wa bure.

Zamu yetu ilipofika, mwalimu alimwambia dada apitishe mkono. Akapitisha. Mkono ulipanda juu ya zile nywele za uzi, ukazunguka ule mpini, ukashuka upande wa pili, na vidole vikabaki vinapapasa hewani juu ya sikio. Alijinyoosha. Aliinamisha kichwa, mwalimu akamwambia asiiname. Nilikiona kidole chake cha kati kimekaribia kabisa.

"Huyu bado," mwalimu akasema. "Mama, mrudishe mwaka ujao."

"Mwalimu, ana miaka saba huyu."

"Hata mimi nikiambiwa nina ishirini nitafurahi." Kisha macho yake yakaniangukia mimi niliyekuwa nimeshikilia leso ya mama. "Na huyu mkubwa? Kwani mlimficha wapi mwaka jana?"

"Huyo ndiye mdogo, mwalimu. Hajafika miaka sita."

"Hebu inua mkono, wewe."

Niliinua kwa sababu niliambiwa. Kichwa changu cha mashilingi hakikuwa na unywele hata mmoja. Mkono uliteleza juu ya dawa ya zambarau, nikashika sikio lote kiganjani, na nikalivuta, kwa kuwa nilidhani ndicho kinachotakiwa. Watu waliokuwa nyuma yetu walicheka.

"Mama," mwalimu akasema akiandika, "mkono haudanganyi."

Nimeishi na sentensi hiyo miaka mingi. Mkono haudanganyi! Mkono ule ulidanganya mchana kweupe, mbele ya watu wazima. Ulisema kwamba mdogo ni mkubwa na mkubwa ni mdogo, na wakauamini mkono wakamwacha mama aliyetuzaa sote wawili.

Jioni baba alipofika, mama alimweleza huku akigeuza ugali kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.  Baba alimchukua dada nje penye mwanga, akamwambia apitishe mkono, akazunguka akimtazama kutoka kila upande, vile alivyotazama gogo kabla ya kuligusa. Akaweka kidole chake kati ya mkono na utosi.

"Ni hizi nyuzi," akasema. "Zimekula kidole kizima."

"Nilitaka apendeze," mama akajibu.

"Najua. Lakini mti hauongezwi, mama watoto. Mti unapunguzwa tu."

Akaleta wembe. Kila fungu lilianguka chini na uzi wake. Nilidhani dada angelia, akawa ameshika magoti tu. Aliyelia ni mama, kwa kazi yake ya Jumapili nzima na kwa sababu nyingine ambayo nadhani alikuwa ameiona mbele kabla yetu. Baba alipomaliza alipangusa kichwa kwa kiganja akasema, "Jaribu." Dada akapitisha mkono. Ncha za vidole zikashika sikio. Alikaa vile, ameng'ang'ania, hataki kuliachia, kisha akakimbia hadi mfereji akiwaonyesha watu.

"Nimeshika! Mama, ona, nimeshika!"

Asubuhi tukarudi shuleni. Mwalimu ni yule yule, macho mekundu kwa uchovu. Dada hakungoja kuambiwa, alifika mezani tayari ameshika sikio. Mwalimu alimtazama kwa muda. Akatazama kipara, akaelewa, maana hakuwa mjinga.

"Ameshika," akasema. "Lakini nafasi zimekwisha. Hata hawa walioingia wanakaa sakafuni."

Mama akanivuta mbele. "Basi mtoe huyu mdogo, uniwekee huyu. Ni watoto wangu wote wawili. Huyu atangoja, ana wakati."

"Mama, siwezi."

"Ni kubadilisha tu, mwalimu. Nafasi ni ile ile."

"Nikimtoa aliyeshika jana nimpe aliyeshika leo, hawa wote nyuma yako nitawaambia nini?" Akaonyesha kwa kalamu. Nyuma yetu walisimama watoto wengine wengi, na vichwa vingi vilikuwa vimenyolewa jana usiku kama cha dada. Inaonekana akina baba wote wa Makadara walikuwa wamefikiria jambo moja.

Sikumchukia mwalimu yule hata baadaye. Alipewa vyumba vichache na watoto wengi, akapewa na kipimo kibovu, akaambiwa agawe. Ninaowaonea hasira ni wale ambao hawakuwahi kuiona ile laini, ambao watoto wao walisoma ng'ambo ya jiji penye madawati ya kubaki.

Nikaingizwa darasani. Nilipogeuka mlangoni nilimwona dada akivuka uwanja, kipara chake kinang'aa, ameshika ncha ya leso ya mama. Mkono wake mmoja bado ulikuwa juu ya kichwa. Watoto wa safu yetu walimwimbia "Kipara ngoto!" mpaka nywele zilipoota, na kwa sababu hakuwa na shule ya kwenda asubuhi, walimwimbia peke yake.

"Mwaka mmoja tu," mama alisema. Lakini mwaka huo mama akajifungua mtoto wa kiume, na bei za vinyago zikashuka tena. Ng'ambo ya barabara ilikuwa ikijengwa mitaa mipya, nyumba za watu wenye kazi za ofisi, kila nyumba na choo chake na ua wake. Mama akapata kibarua cha kufua kwenye nyumba moja huko. Mtoto mchanga akabaki mgongoni mwa dada. Januari ilipofika hakuna aliyezungumza juu ya mkono. Dada mwenyewe hakuuliza. Nilimwona tu asubuhi ile ya kufungua shule, mtoto mgongoni, amesimama kwenye kona ya safu akitazama watoto wakienda, na nilipompungia alijifanya anamfunika mtoto.

Jioni moja mama alirudi kutoka kufua akiwa na uso ambao sikuujua. Aliketi jikoni bila kuvua viatu. Baba alikuwa akipiga msasa masikio ya kifaru.

"Leo nimempima mtoto wa kule," mama akasema.

"Wa nani?"

"Wa mwenye nyumba. Nilikuwa naanika, naye anacheza pale chini ya kamba. Nikamwambia, hebu mama, shika sikio lako la huku. Akashika mpaka akajikuna shingo, anacheka. Baba watoto, ana miaka minne."

Baba aliacha msasa.

"Mimi ndiye ninayeosha vikombe vyake," mama akaendelea. "Asubuhi maziwa, mchana nyama, jioni yai. Kila siku. Si ati Mungu amempenda kuliko wetu. Ni maziwa tu."

"Na huyo hatapimwa," baba akasema.

"Hatapimwa. Ana nasari."

 Dada alikuwa hapo hapo, anampa mtoto uji kwa kijiko, na alisikia kila neno. Mtaani kwetu watu walikuwa na sababu nyingi za kwa nini wengine wanacho na wengine hawana. Walisema ni uvivu, ni pombe, ni kabila la fulani, ni uchawi wa shangazi, ni mapenzi ya Mungu. Ng'ombe wa maskini hazai, walisema, wakamaliza. Baadaye nilisoma vitabu vinene juu ya jambo hilo hilo, vyenye michoro na maneno ya kutisha, na sikupata ndani yake kitu ambacho mama hakuwa amekisema siku ile bila kuvua viatu. Aliyeshiba hukua, aliyekua hupokelewa, aliyepokelewa hupata kazi ya kununua maziwa. Na anayekosa mwanzo ndiye anayepimwa.

Januari ya tatu mama alikata shauri. Mtoto alikuwa anatembea sasa, mke wa karani alikubali kumtazama, na dada akaenda. Alishika sikio bila taabu. Alikuwa ametimiza miaka tisa, lakini kwa ufupi wake hakuna darasani aliyejua, akakaa na watoto wa miaka sita bila kuonekana tofauti. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Wakati wa mapumziko alinitafuta uwanjani akaniandikia mchangani kwa kijiti: a, e, i, o, u. Aliziandika kubwa, zilizonyooka, kisha alizifuta kwa mguu na kuziandika upya. Nilikuwa na maringo ya darasa la tatu nikamwambia hizo ni rahisi. Akasema, "Rahisi kwako," akaendelea kuandika.

Masika yaliponyesha, mtoto akashikwa na kifua. Mke wa karani aliogopa kukaa na mtoto mgonjwa, naye alikuwa na wake. Mama akakosa kibarua siku moja, akakosa ya pili, na mwenye nyumba akamwambia kwamba wafuaji ni wengi. Basi dada akabaki na mtoto, kesho atarudi shule. Kesho ikawa kesho kutwa. Bandu bandu huisha gogo. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alisema dada ameacha shule. Mwalimu hakutuma mtu kuuliza. Darasa lilikuwa limefurika, na mtoto mmoja kupungua ilikuwa nafuu kwake. Sare ya dada nikaja kuivaa mimi yangu ilipochanika, na ingawa alikuwa mkubwa wangu ilinibana mabegani.

Nilipokuwa darasa la sita, shuleni kulianza kuletwa maziwa ya bure. Yalikuja katika pakiti za pembe tatu, unang'ata pembe unanyonya. Sitasema ubaya wa maziwa yale hata kidogo. Niliona watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wakisinzia kabla ya saa nne wakianza kukaa macho, na siku za maziwa hakuna aliyekosa shule. Yeyote anayesema jambo kama hilo ni kupoteza mali ya umma, basi hakuwahi kuketi karibu na mtoto mwenye njaa anayefundishwa kujumlisha. Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichonikaa kooni. Maziwa yalikuja ndani ya geti. Aliyeshika sikio aliyapata. Aliyekosa kushika kwa sababu ya kukosa maziwa alibaki nje, na maziwa yakampita kwenye lori.

Siku moja nilificha pakiti yangu ndani ya soksi nikaileta nyumbani. Dada alikuwa mferejini anafua, ndugu yetu mdogo anacheza na povu. Nilimpa.

"Ni nini hii?"

"Maziwa. Kunywa."

"Niyanywe ya nini?"

"Ya kukua."

Alicheka. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mimi nilikuwa nimempita kwa kichwa kizima. "Mimi nishamaliza kukua," akasema. Aling'ata pembe ya pakiti, akamvuta ndugu yetu, akamtilia mdomoni polepole hadi tone la mwisho. "Huyu ndiye atapimwa."

Tangu siku hiyo alibadilika, au pengine ndipo nilipoanza kumwona. Alianza kuwapima watoto wote wa safu yetu walipokuja kuchota maji. "Njoo, shika sikio." Aliyekaribia alimsifu, aliyekuwa mbali alimfuata mpaka kwa mama yake. Alikuwa msichana mdogo asiye na shule, lakini alijua kusumbua watu. Kwa kuwa jiko lilikuwa la pamoja, alisema chungu nacho kinaweza kuwa cha pamoja. Kila mlango wenye mtoto mdogo ulete konzi ya kitu. Waliotoka kwetu walileta pojo na mbaazi. Wa magharibi walileta wimbi, na mke wa karani alileta omena, dagaa wa ziwani, wakaikaanga na kuitwanga mpaka ikawa unga watoto wasiitambue. Mwenye njugu alileta njugu. Asiye na kitu alileta makaa, na asiye na makaa alichota maji. Haba na haba. Kila saa nne asubuhi watoto ambao hawajafika shule walikaa sakafuni jikoni na vikombe vya bati, na dada aliwagawia akianza na wafupi.

Wengine walinung'unika, bila shaka. Kuna aliyesema mtoto wake hawezi kula cha Waluhya, na kuna aliyesema dada anapunja unga. Mke wa karani aliwanyamazisha. "Mtoto wangu mimi alipita na karatasi," alisema, "huyu wa jirani yangu alirudishwa kwa ajili ya nywele nilizomsuka kwa mikono yangu. Atakayetaka kusema, aje aniambie mimi." Sikuwa najua kwamba alikuwa amelibeba jambo lile muda wote huo.

Ndugu yetu alipopelekwa, alishika sikio mara ya kwanza. Watoto wengine wa safu waliopelekwa naye walishika vilevile. Jioni ile palipikwa chapati jikoni, na dada alisukuma hadi mikono ikamuuma. Nikiulizwa leo tufanye nini kuhusu pengo la walionacho na wasionacho, watu hutegemea nitoe hotuba. Sina hotuba. Nina sufuria lile, na nasema lisiachiwe msichana wa miaka kumi na mitatu. Lichotewe kutoka ghala kubwa, na lipikwe kabla ya kipimo badala ya kuja baada yake.

Na dada? Hapo ndipo ninaposhindwa. Kila mtu alimsifu, na hakuna aliyemrudisha shule. Nilifaulu mtihani, nikaenda sekondari, nikapata kazi ya ofisi mjini. Yeye aliolewa na dereva wa malori aliyekuwa barabarani zaidi ya nyumbani, akazaa msichana, akabaki safu ile ile. Nilijaribu mara nyingi kukaa naye tusome. Aliniambia amechoka, ana nguo za kufua, kesho. Nilimwona akienda sokoni kwa njia ndefu ya kuzunguka ili asipite mbele ya shule, na sikuwahi kumuuliza.

Mtoto wake alipofika umri wa kuanza, niliomba ruhusa kazini niwapeleke. Alikataa. "Hii ni yangu," alisema. Alikuwa amejiandaa miaka sita. Mtoto alikuwa mrefu, magoti yamenona kwa pojo na omena. Siku iliyotangulia alimnyoa kwa wembe wa baba, ingawa hapakuwa na haja, msichana yule angeweza kushika sikio hata juu ya kilemba. Alfajiri waliondoka, mtoto na soksi nyeupe, dada na leso mpya.

Niliporudi jioni niliwakuta wamekaa kwenye kizingiti cha mlango. Mtoto alikuwa amevua soksi. Dada alinieleza bila kunitazama. Walipanga laini tangu kabla ya jua. Zamu yao ilipofika, mwalimu, msichana mdogo tu, alinyoosha mkono akaomba cheti cha kuzaliwa. Dada akasema, "Anashika sikio," akauinua mkono wa mtoto mwenyewe na kuupitisha juu ya kichwa. Mwalimu alicheka, si kwa ubaya. Akamwambia, "Mama, hiyo ilikuwa zamani. Kwani hukusoma pale getini? Imeandikwa." Watu wa nyuma nao wakacheka kidogo, kisha wakamwomba asogee wengine wapite.

Cheti kilikuwepo. Mtoto alizaliwa hospitalini, na karatasi yake ilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, imefungwa kwa nailoni, safi.

Kesho yake tulienda sote watatu. Mtoto alipokelewa kwa dakika chache, akaingia darasani bila kugeuka nyuma. Tulipotoka, dada alisimama mbele ya lile tangazo lililobandikwa getini na kuniomba nimsomee. Nikasoma: wazazi wote waje na cheti cha kuzaliwa. Aliniambia nisome tena, polepole. Alikuwa ameweka kidole juu ya karatasi, kinatembea kutoka herufi hadi herufi.

"Hii naijua," akasema. "Hii ni a. Na hii, a. Hii ni e." Akatafuta nyingine akaipata. "Jana niliziona hizi zote. Nilisimama hapa nikaziona, nikajua zinasema kitu."

Nilimshika bega. Kichwa chake hakikufika begani mwangu.

"Usinihurumie," akasema. "Mtoto alikuwa ameshika tangu jana. Ni mimi ambaye sijashika mpaka leo."